Maharage ya Spès na kodi ya nyumba isiyokuwepo

Saa moja asubuhi, nyuma ya maduka ya Remera, nyundo ya mbao inaanza kazi kabla wenye maduka hawajafungua milango. Spès Umutoni amechuchumaa mbele ya kipande cha reli kilichochimbiwa ardhini, bati jeupe limelala juu yake, na kila akipiga, ukingo wa bati unajikunja kidogo kidogo mpaka unakuwa mfereji wa kukingia maji ya paa.

Mfereji huu si wa mteja. Ni wa nyumba yake mwenyewe inayojengwa Gahanga, na nyumba hiyo haina paa. Kuta zimefika madirishani, zikasimama hapo tangu mwezi wa tatu.

"Wananicheka," anasema bila kuinua kichwa. "Wanasema Spès anashona kola kabla ya shati. Waache wacheke! Mimi ninajua kilichonitoa kule mlimani. Ni maji ya mapaa ya watu. Nyumba yangu haitanyeshewa hata siku moja bila mfereji."

Anageuza bati, anafunga jicho moja kuangalia kama limenyooka, kisha anaachia pigo lingine. Jirani yake wa kazi, muuza rangi, anaziba masikio kwa mzaha. Spès anamwambia ahamie kwenye maktaba kama anataka kimya.

Ana miaka arobaini na sita. Ni Mnyarwanda aliyekulia Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambako watu hununua samaki kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili, ndiyo maana hasira yake na kicheko chake vyote hutoka kwa lugha hiyo hadi leo. Baba yake, mzee Salvator, alikuwa fundi bati mwenye mabinti watatu. Aliwajaribu wote kwa nyundo na aliyebaki nayo ni huyu wa kati.

"Mzee hakuwa na maneno mengi. Alisema bati halikuulizi wewe ni mwanamke au mwanaume. Linauliza tu kama mkono umetulia."

Mita moja ya mfereji, pamoja na kwenda kuufunga, anatoza faranga elfu nne na mia tano. Siku njema hubaki na elfu kumi baada ya kutoa bei ya bati, ribiti za kuliungia na usafiri. Siku mbaya hurudi Kagugu mkono mtupu, kwenye vyumba viwili anavyopanga na binti yake, Kaze, anayesoma chuo cha ualimu.

Kabla ya vyumba hivyo viwili alikuwa na nyumba yake. Ilikuwa kwenye mteremko mkali nyuma ya Kagugu, vyumba vinne na ua wenye mti wa parachichi. Juu yake zilikuwepo nyumba kumi na moja, na paa za nyumba hizo zilimwaga maji yote chini bila kitu cha kuyakinga. Spès aliwaendea majirani mmoja mmoja, akawapa bei ya ujirani. Wawili walinunua. Wengine walimwambia subiri mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukawa na mambo yake.

Jumapili moja ya mwezi wa nne, miaka miwili iliyopita, yeye na Kaze walikuwa kanisani. Mvua ilipiga bati la kanisa mpaka padri akaacha mahubiri akangoja. Walipofika nyumbani, udongo mwekundu ulikuwa umeingia kwa nyuma na kujaa sebuleni hadi usawa wa dirisha.

"Nilikuta sufuria yangu ya maharage bado iko juu ya jiko, na mfuniko wake. Jiko halikuwa na ukuta tena, lakini sufuria ilikuwa imekaa vilevile. Nikacheka, unaamini? Kaze akadhani nimerukwa na akili. Halafu nikakaa chini, nikalia mpaka jioni."

Hakuna aliyekufa siku ile, na Spès huwa halitaji jambo hilo bila kupiga ishara ya msalaba. Wiki iliyofuata maofisa walikuja, wakapima mteremko, wakasema familia kumi na mbili haziwezi tena kulala pale. Spès alihama na magodoro mawili, cherehani ya marehemu mama yake, na nyundo.

Ardhi ya eneo lile ilibaki yake kwa karatasi. Na kwa kuwa karatasi ilibaki, kodi ya ardhi nayo ilibaki. Mwaka wa kwanza ujumbe uliingia kwenye simu akiwa juu ya ngazi ya mteja. Mwaka wa pili uliingia na adhabu ya kuchelewa.

"Nilidaiwa kodi ya nyumba ambayo mimi mwenyewe siwezi kuingia," anasema. "Nikauliza simu, we simu, hujasikia?"

Hapo ndipo mambo yalipokazana. Spès alikuwa amepata kiwanja Gahanga, upande wa kuelekea Bugesera ambako mashamba ya mihogo yamepakana na nyumba mpya, na ardhi ni tambarare hivi kwamba anaweza kuweka yai lisibingirike. Mwenye kiwanja, bwana Mutabazi, mstaafu mpole, alikubali alipwe kwa mafungu, akamruhusu aanze kujenga. Fungu la mwisho lilikuwa faranga laki mbili. Spès alikuwa nazo, zimefungwa kwenye kitambaa.

Lakini ofisi ya ardhi ilimwambia kuwa mtu mwenye kodi ya ardhi asiyoilipa haandikiwi hati nyingine. Kodi na adhabu zake zilikuwa karibu laki na tisini. Akilipa kodi, fungu la Mutabazi limekwenda na muda aliopewa unakwisha mwezi wa sita. Akimlipa Mutabazi, hati hapati, na Mutabazi mwenyewe alikuwa na watoto waliokwisha kuanza kuuliza kwa nini baba anamsubiri mtu mmoja wakati wanunuzi wako kumi.

Nafuu ilikuja kwa tangazo. Baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu huketi na kusomewa habari za mtaa. Siku hiyo walisomewa kwamba familia zilizohamishwa na maafa zinaweza kuomba kufutiwa kodi ya ardhi waliyoiacha, mradi hawaishi pale wala hawaitumii kwa faida yao.

Spès anasema alisimama ghafla mpaka jembe likamwangukia mguuni. Jioni hiyohiyo Kaze aliandika ombi, mama akatia sahihi kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili, na Jumatatu likafika ofisini. Alirudi kazini akiimba. Muuza rangi anakumbuka, kwa sababu Spès hajui kuimba.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Ombi limekataliwa. Sababu: ardhi inalimwa na mwenyewe, kwa ushahidi wa majirani watano.

"Nikasoma mara moja, nikampa Kaze asome. Nikasema labda macho yangu. Mimi? Ninalima? Tangu nihame pale sijashika hata kijiti! Majirani watano! Nikasema hawa ni adui gani nilionao watano, na sikuwajua?"

Kwenye barua palikuwa na picha. Mahali ilipokuwa sebule yake pameota maharage, mistari minne iliyonyooka, yametoa maua. Mti wa parachichi bado upo pembeni. Na mbele ya picha, mkono kiunoni kama askari wa mpakani, amesimama Mukagasana.

Huyu Mukagasana si adui. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, nyumba yake iko chini kidogo, sehemu ambayo wapimaji waliiona salama. Yeye na Spès wamepakana kwa miaka kumi na tano, wameazimana chumvi, makaa na watoto. Spès alipohama, Mukagasana ndiye aliyesema kiwanja cha rafiki hakiachwi kuwa uchi. Ukiacha ardhi tupu mlimani, mvua inaichukua, na watu wanaona kama mwenyewe amekufa. Kwa hiyo yeye na wanawake wanne wakapanda nyasi kwenye kingo, wakachimba mitaro miwili, na katikati wakapanda maharage. Wakivuna, wanagawana, na fungu moja linapelekwa kwa Spès Kagugu ndani ya kikapu. Ni desturi tu ya watu wa pale, na hakuna aliyewahi kuifikiria kuwa kitu cha kuandikwa.

Siku mkaguzi alipokuja, ilikuwa Jumanne, Spès yuko Remera. Mukagasana anasimulia mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kununulia nguo sokoni.

"Mimi niliona mtu iko na buti ya njano, iko na kamera, iko na kamba ya kupima. Nikasema, Mana yanjye, Mungu wangu, wanakuja kuchukua kiwanja ya Spès! Yeye akauliza, mama, hii maharage ni ya nani? Nikasema ni ya Spès! Spès analima hapa kila Jumamosi! Jana tu alikuwa hapa!"

Aliita wenzake, na wenzake hawakumwangusha. Mmoja alisema Spès ndiye aliyeleta mbegu. Mwingine alisema Spès hulima mpaka jua linazama. Wa tatu akatia chumvi zaidi, akasema Spès anapanga kuweka na vitunguu. Mkaguzi aliandika kila neno, akawashukuru, akaondoka. Wanawake wale walipigana viganja kwa furaha kwa sababu wameokoa ardhi ya mwenzao.

Siku barua ilipofika, Spès alipanda mlima nayo mkononi, hasira imemjaa kifuani. Alimkuta Mukagasana anachambua mchicha mlangoni.

"Ulisema nini kwa yule mtu?"

"Nilikupigania!" Mukagasana akajibu, akainuka, amejaa fahari. "Tulikupigania wote. Hakuthubutu kurudi!"

Spès akamsomea barua, akimfafanulia neno kwa neno. Mukagasana akashika kichwa. Mchicha ukamwagika. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli kwamba serikali ilikuwa inataka kumsaidia Spès na wao ndio waliokataa.

"Ndiyo," Spès akamwambia. "Mmekataa nyinyi, kwa niaba yangu, na ushahidi mmeutoa."

Wakatazamana. Spès anasema alitaka kupiga kelele, lakini uso wa Mukagasana ulikuwa umekunjamana vibaya, akajikuta anacheka, na mwenzake akaanza kulia, basi ikawa mmoja anacheka mwingine analia, na wapita njia wakadhani kuna msiba au harusi.

Ofisini Spès alipokelewa na afisa wa kodi anayeitwa Kamanzi, kijana aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili.

"Mama Kaze, ninakuelewa," alimwambia. "Lakini hapa nina watu watano wanaosema unalima, na wewe mmoja unayesema hulimi. Siwezi kuchukua neno la mmoja nikaacha la watano. Waje wenyewe waseme tofauti, mbele ya watu, siku ya umuganda."

"Wakija, watafungwa kwa kudanganya?"

"Hakuna wa kumfunga. Ila waje."

Ilikuwa rahisi kusema. Wanawake wanne walisema wana wagonjwa, wana safari, wana ndoa za wapwa. Kusema uongo kwa mkaguzi mmoja ni jambo moja. Kusimama mbele ya mtaa mzima na kusema nilidanganya, hilo mtu mzima wa pale hulikimbia kama moto. Mwezi wa sita ulikuwa umebakiza siku tisa, na mtoto wa kwanza wa Mutabazi alikuwa amekwisha leta mnunuzi kuangalia kuta za Spès.

"Nilimwona yule bwana anapima dirisha langu kwa mkono," Spès anasema, na kwa mara ya kwanza nyundo inasimama. "Dirisha langu! Roho ilikuwa juu. Nilijiambia, Spès, mara hii si udongo. Mara hii ni maharage yanayokutoa nyumbani."

Jumamosi ya umuganda ikafika. Watu walisafisha mfereji wa barabara, kisha wakaketi chini ya turubai kusikiliza matangazo. Kamanzi alikuwepo, ameketi pembeni na faili magotini. Mkuu wa mtaa akauliza kama kuna mwenye neno. Spès alitazama viatu vyake.

Mukagasana akasimama. Alikuwa amevaa mshanana wake wa harusi, nguo ambayo hakuna anayekuja nayo kwenye umuganda, na matope yalikuwa yameurukia hadi magotini.

Alisema maharage ni yake na ya wenzake. Alisema Spès hajawahi kulima pale tangu udongo uliposhuka. Alisema alidhani anamlinda, na kumbe alikuwa anamfungia mlango, na kama kuna adhabu basi iandikwe jina lake, kwa sababu wengine walifuata mdomo wake. Alisema yote hayo kwa Kinyarwanda, bila kutua, akakaa. Wale wanne, mmoja baada ya mwingine, wakainua mikono na kusema ni kweli.

Kamanzi aliandika. Kisha akamgeukia Spès na swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na wewe, Mama Kaze. Hayo maharage, umewahi kuyala?"

Kaze, aliyekuwa ameketi karibu na mama yake, anasema aliomba mama akohoe tu. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana. Nani angejua? Kikapu kililetwa Kagugu jioni, kikapikwa, kikaliwa, kikaisha.

"Nimeyala," Spès akasema. "Kikapu kimoja msimu wa kwanza, viwili msimu wa pili. Na ni matamu. Andika hivyo hivyo, afisa. Uongo ndio ulionifikisha hapa, sitaki unitoe."

Watu wakaangua kicheko. Mkuu wa mtaa alicheka mpaka akajifuta macho. Kamanzi hakucheka. Aliuliza kama Spès alilipia, kama aliomba, kama aliuza hata kikombe kimoja. Hapana, hapana, hapana. Akafunga faili, akasema atatoa jibu ndani ya siku tano, na akaenda zake.

Siku tano hizo Spès alitengeneza mifereji sita. Hakuna mteja aliyeagiza. Alisema mikono ikikaa bure kichwa kinapika upuuzi, na bati alilokuwa amelinunua kwa ajili ya kazi ya hoteli moja likaisha kabla hoteli haijapiga simu.

Siku ya nne simu ililia akiwa amepanda ngazi Remera. Aliogopa kuifungua. Akashuka, akampa muuza rangi amsomee. Muuza rangi alisoma kimya, akatikisa kichwa.

"Nini? Sema!"

"Ninasikitika," alisema muuza rangi. "Sasa utahamia Gahanga na mimi nitabaki na nani wa kunipigia kelele?"

Spès alimrushia kofia. Kodi ilikuwa imefutwa yote, pamoja na adhabu, kuanzia mwezi ule wa maporomoko. Ofisi iliandika kwamba zawadi ya chakula kutoka kwa jirani haihesabiwi kuwa faida ya ardhi. Iliandika pia kwamba maharage yakishavunwa yasipandwe tena, mteremko wote uwekwe nyasi na mianzi.

Siku hiyohiyo alasiri alipanda basi kwenda kwa Mutabazi na kitambaa chake. Mzee alihesabu mara moja, akasema amechoka kuambiwa na watoto wake nani wa kumsubiri, na wakaenda kutia sahihi.

Jumamosi hii, Gahanga, jua limepanda na kuta bado ziko madirishani. Mifereji yake imeegemezwa ukutani, inang'aa, inasubiri paa. Spès amekwisha piga hesabu: mbao mwezi wa nane, mabati mwezi wa tisa kabla ya mvua za vuli, na Desemba Kaze akimaliza chuo atalala kwenye chumba chenye dirisha lake. Kabla ya hapo ana kazi moja ya bure. Nyumba kumi na moja za kule juu zilibomolewa, lakini za kandokando bado zinamwaga maji kuelekea kwa Mukagasana. Wikiendi mbili zijazo atazifungia mifereji, bati lake, ribiti zake.

"Safari hii siwaulizi kama mwisho wa mwezi umefika," anasema. "Ninakuja na ngazi."

Gari dogo la mizigo linasimama barabarani. Mukagasana anashuka, amekuja kuona kiwanja kwa mara ya kwanza. Anatembea kuta zote nne kwa nje, anazigonga kwa kiganja, anauliza jiko litakuwa wapi. Kisha anatoa kikapu chini ya kanga. Ni maharage, mavuno ya mwisho ya mlimani, yamechambuliwa moja moja.

"Si ya kupika," anaonya. "Ni mbegu."

Spès anayashika, anayaacha yapite kati ya vidole. Mukagasana amekwisha chukua jembe lililoegemea ukutani, anavua viatu, anaanza kupasua mstari wa kwanza nyuma ya mahali patakapokuwa jiko.

"Sasa waje na kamera," anasema, akihema. "Waje na buti ya njano! Wakiuliza ni ya nani, mimi nitasema ni ya Spès. Na hiyo siku sitakuwa nimedanganya."